Kazi ya simu Kisumu ilivyonifunza kusikiliza kiimbo

Tangu nirudi Nakuru, haipiti muda kabla sijapata ujumbe wa kijana aliyeitwa kwenda kupokea simu za wateja, Kisumu au Nairobi, akitaka kujua mambo yalivyo huko. Huuliza mshahara, huuliza zamu za usiku, kisha huuliza lile linalomkosesha usingizi: ni lazima niwe na tweng', ile lafudhi ya kuiga Wamarekani? Mshahara utaambiwa siku ya mahojiano, na zamu za usiku utazizoea au zitakushinda. Hilo la tweng' ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Watu wanalipa pesa wafundishwe kubana pua kama Wamarekani, ilhali nilichokiona kikiwaangusha wengi kwenye ile kazi ni kupanda na kushuka kwa sauti, na silabi au neno linalobebeshwa uzito. Shuleni tuliviita kiimbo na shadda. Tukavifanyia mtihani, tukavisahau.

Mimi nilikulia Njoro. Baba Mkikuyu, mama Mkipsigis, nyumbani tukaongea Kiswahili ili asionekane aliyeshinda. Shadda niliijua kama anavyoijua kila aliyepita kidato cha nne: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa vijineno vichache, na mfano ni ule ule wa miaka yote, barabara. Ukikaza "ba" ya pili, ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukikaza "ra" ya kwanza, ba-RA-ba-ra, ni sawasawa. Mwalimu akishaandika hayo ubaoni, mada imekwisha, twende kwenye ngeli. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali utapoteza pesa kwa sababu ya kiimbo.

Ofisi yetu Kisumu ilikuwa na kazi mbili. Mchana tulihudumia Wakenya waliochukua vifaa vya sola kwa mkopo, wengi wao wa Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kakamega na Kericho. Usiku tulipokea simu za wateja wa maduka ya mtandaoni ya Uingereza na Marekani. Kwenye mafunzo tuliambiwa jambo moja ambalo nimelithamini baadaye kuliko siku ile. Simu ya kawaida haipitishi sauti yote. Hupitisha kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3400 hivi, na mlio wa msingi wa sauti ya mwanamume uko chini ya hapo, kwa hiyo hukatwa. Hata hivyo unamsikia mwanamume ni mwanamume, na unasikia sauti yake ikipanda na kushuka, kwa sababu ubongo huujenga upya ule mlio kutokana na milio ya juu inayoandamana nao. Uso wa mtu simu imekunyima, mikono na macho vilevile. Kiimbo chake kinapita.

Nilidhani kazi ya mchana ndiyo itakuwa rahisi, maana ni Kiswahili. Kumbe ndiko nilikoanza kuumia.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Ugenya aliyekuwa nyuma kwa malipo. Nilimpigia nikamsomea skripti kama ilivyokuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Mzee, shikamoo. Akaunti yako imebaki nyuma miezi miwili."

"Eeh."

"Tunaweza kukusogezea malipo hadi baada ya mavuno, lakini kuna ada kidogo itaongezwa."

"Eeh?"

"Kwa hiyo nikuwekee hivyo."

"Eeeh..."

Skripti ilisema mteja akitamka neno lolote la kukubali, bonyeza "Amekubali". Nikabonyeza. Ada ilipoanza kuonekana kwenye ujumbe wake wa simu, mzee alipanda matatu mwenyewe hadi ofisini, koti na kofia, akasema hakukubali chochote. Rekodi ikafunguliwa mbele yake. Msimamizi wetu, aliyekuwa ametoka Nairobi, alisikia ndiyo mara tatu. Askari wa mlangoni, mtu wa Siaya, alicheka kabla rekodi haijaisha.

Ukiisikiliza vizuri, "eeh" ya kwanza ni fupi na iko chini: nakusikia, endelea. Ya pili inaanza chini inapanda: unasema nini? Ya tatu imevutwa, imening'inia hewani, ya mtu anayengoja umalize ndipo atoe neno lake. Hakuna hata moja iliyotua kama inavyotua ya mtu aliyeafikiana nawe. Mzee hakuwa na hasira. Aliniambia tu, "Nyathina, nilikuwa nakusikiliza." Mtoto wangu, ndivyo alivyoniita. Ada ikafutwa. Bonasi yangu ya mwezi nayo ikafutwa, eti nilirekodi makubaliano ya uongo, na skripti iliyoniamuru ikabaki vile vile. Hilo bado linanikera. Nililipeleka kwa maandishi na sikujibiwa.

Kuanzia hapo sikukubali tena "eeh", "mhm" wala "sawa" isiyo na kitenzi nyuma yake. Nilimwambia mteja, "Nitajie mwenyewe tarehe utakayolipa." Akitaja tarehe kwa mdomo wake, hapo tumekubaliana. Simu huwa ndefu zaidi kidogo na msimamizi atalalamika juu ya dakika. Mwache alalamike.

Tazama tena lile swali langu la mwisho, "nikuwekee hivyo". Kwenye karatasi halina tofauti na taarifa. Kiswahili kinaturuhusu kuuliza swali la ndiyo au la bila kubadili hata neno moja: "Amelipa" na "Amelipa?" zinatofautishwa na sauti tu, ambayo kwenye swali huinuka pale kwenye "li" kisha ikaanguka kwenye "pa". Kazi yote imebebwa na silabi moja. Mtandao ukikwaruza hapo, au mteja akiwa kando ya posho mill, mashine ya kusaga unga, swali limegeuka taarifa, naye atakujibu "eeh" kwa maana ya nimekusikia. Wateja wenyewe walishagundua dawa zamani. Sikiliza mama wa sokoni Kibuye anavyodai: "Umelipa au bado?" Hilo "au bado" halimezwi na kelele. Nikawa naanza na "je", namalizia na "au bado", "ama vipi", chochote kinachoonekana hata mtu akiandika.

Jambo lingine la mchana lilikuwa kuwaelewa vibaya watu wasionikosea. Wiki za mwanzo nilirudi nyumbani nimechoka moyo, nikiamini nusu ya wateja wananigombeza. Sauti nzito, inaruka juu ghafla, inatua kwa kishindo, na yote hayo mtu anauliza tu betri itafika lini. Dada wa Maragoli tuliyekaa dawati moja alinizuia siku niliyotaka kumkatia mteja simu. Akachukua hedifoni yangu, akasikiliza, akasema, "Huyu anakutania wewe." Alikuwa ananitania kweli. Na wao pia walikuwa na lao juu yangu. Mteja mmoja aliniambia naongea kama mtu anayeficha kitu, kwa vile sauti yangu ya Njoro haipandi wala haishuki sana. Ukali na unyenyekevu tunausikia kwa kipimo cha kwetu, na mwenzako naye ana kipimo chake. Kabla hujaandika "mteja mkali" kwenye faili, msikilizishe rekodi mtu anayetoka upande wa huyo mteja.

Nilikuwa nimepanga mtaa wa Manyatta, na jirani yangu, Mama Akinyi, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Ndiye aliyenifunulia kwa nini zile sauti zilikuwa zinarukaruka. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye nje akipepeta omena kwenye ungo, nikamwomba anifundishe kusema "tena" kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Akasema kendo. Nikarudia. Akacheka hadi akaweka ungo chini. Akanyooshea kidole mafiga: kendo. Akagusa kidole chake cha pete: kendo. Akachota omena akaongeza juu ya zile zilizokuwa tayari kwenye gorogoro, mkebe wa kupimia: kendo. Mafiga, ndoa, tena. Kwangu yalikuwa neno moja mara tatu. "Nyar Nakuru," akaniambia, "husikii?" Sikusikia.

Dholuo ni lugha ya toni. Kiwango cha sauti ni sehemu ya neno lenyewe, kama konsonanti na vokali zilivyo, na hata kitendo kilichokwisha na kinachoendelea huweza kutofautishwa kwa toni. Maandishi ya kawaida hayaionyeshi, kwa hiyo kitabu hakitakusaidia. Nikamweleza Mama Akinyi kuwa sisi wengine hatuna mambo hayo, nikajiona nimesema. Nilipompigia mama yangu simu nikagundua niko peke yangu. Kwenye Kipsigis chake kitenzi hutangulia, na toni ya jina ndiyo husema huyu ametenda au ametendwa. Kikuyu cha baba kina toni. Kilogooli cha yule dada kina toni, Ekegusii kadhalika. Lugha nyingi za Kibantu zinayo, na Kiswahili ni katika chache zilizoipoteza. Nimelelewa katikati ya toni mbili na nikatoka bila hata moja, kwa sababu ya amani ya nyumbani. (Rafiki yangu wa Njoro aliyesoma Kichina katika Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Egerton alinihurumia: Wachina wana mai ya kununua na mai ya kuuza, na kinachozitenga ni toni. Fikiria kufanya biashara hivyo.)

Njia iliyonisaidia ni kuacha maneno kwanza. Mama Akinyi akisema sentensi, mimi naighuna tu, mdomo umefungwa, mmh-mmh-MMH-mm, hadi akubali kuwa nimeipata. Ndipo natia maneno. Nilimrekodi kwa simu kwa ruhusa yake na nikaghuna kwenye matatu nikielekea kazini, watu wakinitazama. Sikuwa fundi wa Dholuo na sijawa. Ila masikio yalifunguka, nikaacha kusikia ugomvi mahali ambapo mtu anatamka tu maneno ya kwao kama yanavyotakiwa, au anakizungumza Kiswahili kwa mdundo wa kwao.

Usiku ulikuwa na mitihani yake. Mteja wa Marekani alitaka anwani yake ibadilishwe. Nikamjibu kwa furaha kabisa, "I can change it for you." Kimya kidogo. Kisha: "Why not?"

Nikarudia, mara hii nikaikazia "can" ili anisikie vizuri, na hapo ndipo nilipozidi kumharibia. Kwa Mwamerika, "can" ya kukubali humezwa, husikika kama "kn" tu, uzito wote unaenda kwenye kitenzi kinachofuata. Ile ya kukataa, "can't", ndiyo hutamkwa kwa vokali kamili na mkazo, na "t" yake mara nyingi haitoki. Sisi Wakenya huzipa silabi zote haki sawa, tunagawa mkazo kama chapati za harusi, kila mtu moja. Kwa hiyo "can" yetu iliyonyooka inamfikia mwenzetu kama kukataa. Matamshi yangu ya kila neno yalikuwa safi, lakini mpangilio wa uzito ndio uliomwambia siwezi. Niliacha kabisa kutumia neno hilo nikiwa kazini. Nasema "I'll change it now", au "yes" kwanza halafu mengine.

Namba ni hivyo hivyo. "Fifteen" hulemea mwisho, "fifty" hulemea mwanzo. Ukizipa uzito sawa, mteja hajui kama ni kumi na tano au hamsini, na maoda ya namna hiyo yalirudishwa. Kiswahili kimetukinga na balaa hilo, maana kumi na tano na hamsini hazifanani hata ukiwa na mafua. Kwa Kiingereza, taja tarakimu moja moja: moja, tano. Halafu mwambie mteja arudie.

Maswali pia yalitusumbua. Kiimbo chetu cha swali, kile kinachoanguka mwishoni, tulikibeba kama kilivyo tukakimwaga kwenye Kiingereza, ambako swali la ndiyo au la mara nyingi hupandisha sauti mwisho. Unamuuliza mtu kwa upole kama hilo ndilo jina lake kamili, yeye anasikia amri ya polisi. Mkufunzi mmoja alitusimulia kisa ambacho mwanaisimu John Gumperz alikiandika mwaka 1982. Katika kantini ya uwanja wa ndege Uingereza, kulikuwa na akina mama kutoka India na Pakistani waliolalamikiwa kuwa wana kiburi. Walipompakulia mtu chakula waliuliza kama anataka mchuzi kwa neno moja, "gravy", sauti ikishuka. Muingereza angelisema neno hilo hilo sauti ikipanda. Mteja akasikia: huu ni mchuzi, shauri yako. Wale akina mama wao walikuwa wanauliza kama ilivyo kawaida kwao, na waliona wanabaguliwa bure. Mambo yalianza kulainika pande zote mbili ziliposikilizishwa rekodi. Nilipokisikia kisa hicho nilimkumbuka mzee wa Ugenya na zile "eeh" zake, na msimamizi aliyezisikiliza peke yake.

Waingereza wana jingine la kuwachunga. Mtu akikuambia "it's fine" na sauti ikashuka kisha ikainuka kidogo mwishoni, si "fine". Amebakiza neno. Ukifunga faili hapo, kesho atakuandikia barua ya malalamiko. Muulize kama kuna kitu kingine, atakimwaga chote.

Lakini lililonifikirisha kuliko yote lilitokea kati yetu wenyewe, wakati wa kukabidhiana zamu, ambapo tulielezana kesi kwa Kiswahili. Mteja alikuwa ameagiza blanketi mbili, moja ya bluu, moja ya kijivu. Alilalamika, "I didn't get the BLUE one," uzito wote kwenye rangi. Maana yake ile ya kijivu anayo. Aliyemhudumia akatuambia, "Huyu hakupata blanketi ya bluu." Ni tafsiri sahihi, neno kwa neno. Aliyepokea zamu akaelewa kuwa mtu hajapata mzigo, akaagiza zote mbili zitumwe upya.

Kiingereza huacha maneno mahali yalipo na kuuhamisha uzito. Kiswahili huuacha uzito kwenye silabi yake ya pili kutoka mwisho na kuyahamisha maneno, au huleta "ndiyo", "ndiye", "si" na virejeshi. "Ya bluu ndiyo hakupata." "Si mimi niliyemwambia." "Sikumwambia, nilimwandikia." Kila mahali Mwingereza alipokaza sauti, sisi tunatakiwa tuupange upya muundo wa sentensi, la sivyo tumetafsiri maneno tukamwacha mtu na maana yake huko huko kwenye waya. Nilianza kuandika nikipigia mstari neno lililokazwa kabla ya kulitafuta Kiswahili chake. Wenzangu waliniona msumbufu, hasa saa kumi za alfajiri. Kisha makosa ya zamu yakapungua na wakaanza kufanya vile vile bila kuniambia.

Kazi yenyewe niliiacha kwa sababu ya koo na usingizi, mambo ambayo nayo ungefaa kuyajua: nunua hedifoni yako mwenyewe, yenye sponji nzima, maana za ofisini huvaliwa na zamu zote, na usinong'one koo likiuma, kunong'ona huweza kulichosha zaidi kuliko kuongea pole pole.

Sasa kuhusu hayo mafunzo ya tweng' yanayotangazwa hapa mjini. Sijasema yote ni ubatili. Kabla hujatoa pesa, muulize mwenye darasa mambo matatu. Je, atakurekodi na kukusikilizisha mwenyewe, si mara moja, kila kipindi? Je, atakufundisha kusikiliza, ama ni kuongea tu? Na je, atakuonyesha silabi zipi humezwa, si zipi hutamkwa kwa pua? Akianza kukuambia jinsi ya kusema "water" kama Mmarekani, muage kwa heshima. Rekoda iko kwenye simu yako. Mpigie shangazi wa Kericho au mjomba wa Busia, mwombe ruhusa umrekodi akiongea lugha yake kwa dakika tano, halafu ghuna.